Kabla Hujatia Saini ya Alhamisi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko Nairobi. Sisi huku Mombasa hatujambo, ni joto tu linalotusumbua. Zile karatasi za mkataba ulizonitumia kwenye simu nimezichapisha pale saiba, kurasa 41, nikazisoma zote hadi majina ya mashahidi. Najua ulizituma ili nifurahi, na nimefurahi. Kampuni ya London kumwita mtoto aliyerekodi nyimbo zake chumbani, magodoro yameegemezwa ukutani, si jambo dogo. Bibi yako ameshawatangazia majirani.

Lakini mkataba huu hauna kifungu cha kutoa albamu. Nimekitafuta mbele na nyuma, hakimo.

Ukurasa wa 9 unakutaka uwasilishe albamu nne. Hakuna ukurasa unaoitaka kampuni izitoe. Kuwasilisha ni wajibu wako, kutoa ni hiari yao. Tena wameandika kwamba albamu itahesabiwa kuwa imewasilishwa pale kampuni itakaporidhika nayo kibiashara. Mkataba wa haki hudai albamu iwe imeridhisha kiufundi: imerekodiwa vizuri, imechanganywa, sauti haikwaruzi, nyimbo zimetimia idadi. Hayo mtu yeyote anaweza kuyapima. Kuridhika kibiashara hakuna kipimo, ni moyo wa bwana fulani aliye ofisini, na akiondoka anakuja mwingine na moyo wake. Sasa unganisha na ukurasa wa 5, panaposema kila kipindi cha mkataba kinaisha miezi 12 baada ya kuwasilisha. Usipohesabiwa kuwa umewasilisha, kipindi hakiishi. Unabaki humo, huna albamu, na huruhusiwi kuimba kwa mwingine yeyote.

Utaniambia mama unaogopa kila kitu. Basi mwangalie huyo Raye, mwimbaji wa Uingereza, ambaye picha yake umeibandika juu ya kitanda mpaka rangi ya ukuta imebanduka. Ninyi mnaujua ule usiku wa tarehe 2 Machi 2024, alipochukua tuzo sita za BRIT, tuzo za muziki za Uingereza, kwa mpigo, jambo ambalo hakuna msanii aliyewahi kulifanya, akampandisha bibi yake jukwaani huku akilia. Mimi naitazama miaka iliyotangulia. Alitia saini na lebo ya Polydor mwaka 2014, ana miaka 17, mkataba wa albamu nne. Akatoa singo, akatoa EP za nyimbo chache, sauti yake ikapigwa vilabuni kwenye nyimbo za madijei, akaandikia wengine, hata kwenye albamu ya Beyoncé iliyofuatana na filamu ya The Lion King mwaka 2019 kalamu yake imo. Albamu yake mwenyewe? Hapana. Juni 2021 akaandika hadharani Twitter kwamba miaka yote hiyo hajaruhusiwa kutoa hata moja. Kelele zikawa kubwa, na Julai wakaachana. Miaka saba, mwanangu.

Na utazame alichofanya akiwa huru. Hakutafuta lebo nyingine ya kummiliki, alichukua msambazaji wa kumfikishia nyimbo sokoni tu. Wimbo wake “Escapism” ulitoka Oktoba 2022, ukashika namba moja Uingereza Januari 2023, na albamu ikafuata tarehe 3 Februari ikaingia namba mbili. Mtu yule yule, sauti ile ile. Kilichobadilika ni nani mwenye ufunguo wa mlango. Wewe unaanza na ufunguo mkononi, halafu unataka kumpelekea mtu mpaka London.

Sikukatazi kwenda. Nakuomba uwaambie waongeze kifungu, na wakili atakiandika kwa maneno yake, lakini yaliyomo yawe haya: kampuni itatoa albamu ndani ya siku 120 baada ya kuwasilishwa, wasipotoa, utawapa notisi ya siku 60, zikipita nazo bila albamu kutoka, mkataba umekwisha na masta, yaani rekodi zenyewe, zinarudi kwako, au uwe na haki ya kuzinunua kwa gharama ya kurekodia tu. Hili si ombi la ajabu. Mawakili wa muziki huliweka kila siku. Wakilikataa kabisa, watakuwa wamekupa jibu kuhusu mengine pia.

Chakula cha bibi kiko motoni, nitarudi.

Nimerudi. Sasa hizo pauni 40,000 zilizokuondolea usingizi. Hizo si mshahara, ni malipo ya awali, yaani deni linalolipwa kwa mrabaha wako, fungu lako la mapato ya nyimbo. Kaa na kalamu. Elfu 40 zako. Studio wamekadiria 24,000, na mkataba unasema gharama ya kurekodi yote iko juu yako. Video 16,000, nusu yake juu yako, yaani 8,000. Jumla unadaiwa 72,000. Mrabaha wako ni asilimia 18. Deni halilipwi kwa mapato yote ya nyimbo, linalipwa kwa ile 18 yako peke yake. Ili 18 hiyo ifike 72,000, kampuni lazima iwe imeingiza 400,000. Siku hiyo wao wamebakiwa na 328,000, juu yake wamerudishiwa 72,000 walizotoa, nawe hujaona hata senti mpya. Na masta bado ni zao. Nyumba umelipia wewe, hati ina jina la mwingine.

Halafu deni la albamu ya kwanza linahamia ya pili, lipo ukurasa wa 22. Ya kwanza isipouza, ya pili ikiuza sana, inalipa deni la zote mbili. Waambie kila albamu ibebe deni lake.

Na hizo 40,000 hazifiki mkononi zote. Meneja anataka asilimia 20 kabla ya chochote kutolewa, ni 8,000. Bado wakili, bado kodi. Ukiishi London mwaka na nusu kwa 32,000 zilizobaki ni kama 1,770 kwa mwezi, nawe utalipia chumba, usafiri, mpiga gita na mpiga ngoma wa mazoezi. Shangazi yako wa Leicester amesema utakaa kwake bure, lakini Leicester si London, na treni zao si bei ya matatu.

Kuhusu meneja, kijana anaonekana ana adabu, nilimwona alipokuja Idi. Asilimia 20 si wizi. Ila asikate kwenye fedha ambazo si mapato: gharama ya kurekodi, video, nauli za bendi. Akikata 20 kwenye jumla ya shoo kabla ya kuwalipa wapigaji, utaimba usiku mzima urudi na deni lake. Na mkiachana, kamisheni yake kwa kazi aliyokutafutia ipungue: miaka miwili ya kwanza nusu, kisha iishe. Vifungu vingi vya kamisheni nilivyosoma mezani kwangu havina mwisho. Msanii anazeeka, bado anamkatia meneja wa ujanani.

Lakini hayo yote unaweza kuyavumilia. Umasikini wa mwanzo hauui msanii. Kinachomuua ni kukaa na nyimbo zisizotoka mpaka zipitwe na wakati, na mtu aliyeziandika apitwe nazo. Ndiyo maana nimeshikilia kifungu kimoja.

Kama hawataki kukuuzia uhuru, waulize habari ya leseni. Yaani masta zibaki zako, wao wakodishe kwa miaka 7 hivi, kisha zirudi. Malipo ya awali yatapungua, labda hata nusu, lakini mgao wako utapanda mpaka nusu kwa nusu ya faida. Mtu ambaye tayari amejirekodia mwenyewe, kama wewe, ana sababu ya kuomba leseni. Hujaja mikono mitupu. Na lile katazo la kurudia kurekodi nyimbo zako, ukurasa wa 30, wameandika miaka 10. Kawaida ilikuwa miaka 5 tangu kuwasilisha au 2 baada ya mkataba kwisha, ile itakayochelewa. Taylor Swift alipoanza kutoa albamu zake alizorekodi upya mwaka 2021, kampuni nyingi zikaanza kurefusha. Punguza.

Sasa zile nyimbo nne ulizotunga na yule prodyuza wa Ngara. Karatasi ya mgawanyo iko wapi? Usiniambie mnaelewana. Kila mtu anaelewana mpaka wimbo uingie kwenye tangazo. Sisi watu wa huku hatuna haja ya kufundishwa hili. “Malaika” umeimbwa na Miriam Makeba, umeimbwa na Boney M, na hadi leo watu wanabishana kama uliandikwa na Fadhili William aliyeurekodi au Adam Salim. Karatasi moja ingetosha. Iandikwe siku ile ile, kabla ya watu kutoka studio: jina la wimbo, tarehe, jina la kila mmoja kama lilivyo kwenye kitambulisho, nani aliandika maneno, nani melodi, asilimia ya kila mmoja hadi ifike 100, saini. Na chini yake mstari wa pili kuhusu masta, maana ni haki mbili tofauti. Wimbo kama utungo ni kitu kimoja, rekodi yake ni kingine. Prodyuza anaweza kuwa na 20 ya utungo na asiwe na chochote kwenye rekodi kwa sababu ulimlipa ada, au kinyume chake. Msipoandika, kila mmoja atakumbuka inavyomfaa.

Chukua pia mafaili ya nyimbo hizo kwa yule prodyuza. Si MP3 aliyokutumia WhatsApp, hiyo ni ya kusikiliza tu. Unataka WAV ya biti 24, chaneli kila moja peke yake, zote zikianzia sekunde ya sifuri ili zikipangwa zikutane, toleo lisilo na sauti ya kuimba, na toleo la sauti tupu. Watu wa filamu na matangazo huomba toleo lisilo na sauti, nao wanalitaka jioni ya leo kwa kesho, na msanii asiyekuwa nalo hupitwa. Weka nakala mbili kwenye diski mbili, moja nitakaa nayo mimi. Laptopu yako ilishamwagikiwa chai mara moja, sisemi na nani.

Usajili. KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, unaweza kuandikisha kazi kwa mtandao, fanya kabla ya kupanda ndege. Kisha kumbuka umejirekodia mwenyewe, kwa hiyo una kofia mbili: kama mwimbaji fedha zako zinapitia chama cha waimbaji, kama mwenye rekodi zinapitia chama cha wenye rekodi. Wasanii wengi hujiandikisha upande mmoja, wa pili wakauacha miaka na miaka. Kila rekodi iwe na ISRC yake, ile namba ya herufi na tarakimu 12. Toleo la akustika ni rekodi nyingine, lipewe namba nyingine. Lakini ukihama msambazaji, namba ya rekodi ile ile usiibadilishe, ukibadilisha hesabu ya wasikilizaji huanza upya. Ukifika Uingereza jiandikishe PPL, wakusanyaji wa fedha za rekodi, hawatozi kujiunga. Kwenye PRS, wale wa fedha za utunzi, uangalie usijiunge na vyama viwili kwa eneo moja la dunia, fedha hukwama katikati.

Hao wasikilizaji laki moja na kitu wa Spotify nawaheshimu, ila angalia wimbo mmoja mmoja. Tangu 2024 wimbo usiofika kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauhesabiwi mrabaha wa rekodi. Wimbo wako wa tatu, ule ninaoupenda, uko mia sita na kitu. Sielewi kwa nini hukuupeleka kwa wahariri wa orodha zao. Unapelekwa kupitia akaunti ya msanii kabla haujatoka, siku 7 au zaidi kabla, mimi ningeupa wiki nne. Ukishatoka, mlango huo umefungwa. Uliupakia Alhamisi ukatoka Ijumaa kwa sababu ya haraka. Haraka hii hii ndiyo inayonitia hofu ya Alhamisi ijayo.

Nani ataamua albamu yako itoke? Waulize hivyo hivyo, kwa mdomo, mbele ya meneja. Kisha wakijibu vizuri, sema, basi tuandike.

Sauti. London mwezi wa kwanza ni baridi nje na ndani wana hita zinazokausha hewa. Bibi yako amefunga tangawizi na asali, chukua umridhishe, lakini ujue ukimeza kinapita njia ya chakula, hakigusi nyuzi za sauti. Zinazolowesha nyuzi ni maji uliyokunywa saa kadhaa kabla, na mvuke. Weka beseni la maji karibu na hita usiku. Kabla ya shoo puliza sauti kupitia mrija uliozama kidogo kwenye glasi ya maji, dakika tano, panda na shuka polepole. Ukikaukiwa na sauti usinong'one, kunong'ona kunaweza kuikaza koo zaidi, nyamaza tu. Dawa za mafua za kukausha kamasi zinakausha na koo. Aspirini na ibuprofeni usiku wa kuimba kwa nguvu ziache, hurahisisha mishipa kuvuja damu kwenye nyuzi. Na sauti ikikwaruza zaidi ya wiki mbili tatu, nenda kwa daktari wa koo atazame kwa kamera, usitibiwe na watu wa jukwaani.

Ukurasa wa 26 unasema ukishindwa kuimba, siku hizo zinaongezwa kwenye mkataba. Hakuna kikomo. Andikeni miezi 6.

Gita usilipe kampuni ya ndege ilitupe chini. Omba kuingia nalo, na kama watakataa, liwe kwenye sanduku gumu, nyuzi zimelegezwa kidogo, nguo zimejazwa shingoni. Betri zote kwenye mkoba wa mkononi. Adapta usinunue, plagi za Uingereza ni hizi hizi zetu za pini tatu bapa, na umeme wao ni kama wetu.

Kuhusu kinanda. Baba yako ndiye aliyesema kiuzwe karo ilipobana, mimi nilikaa kimya. Basi. Kuna mtu Bamburi ana Yamaha ya vitufe 88, baba yako mwenyewe ameenda kukiangalia jana, akarudi anasema kimoja hakiitiki. Hakuniambia kwa nini alikwenda.

Ndugu yako anataka viatu vyako vya mpira, namba haimtoshi lakini hasikii. Tangi la juu linavuja tena, fundi anasema ni floti, kila mwezi ni floti. Magodoro nimeyarudisha vitandani kwa sababu bibi alilalamika mgongo. Ukuta una alama za gundi, tutapaka ukija. Ile stendi ya maikrofoni nimeitundikia mitandio, usikasirike.

Nimezungumza na yule wakili wa Nyali ninayemwamini. Hajui muziki wa London, amesema ukweli huo mwenyewe, na akasema mkataba ukiongozwa na sheria ya Uingereza utafute wakili wa huko wa mambo ya muziki, asiyelipwa na kampuni wala na meneja. Kampuni nyingi hukubali kulipia ada ya wakili wa msanii kwa kiasi fulani. Ombeni hilo kwa barua pepe leo hii, kabla ya tiketi. Wakisema Alhamisi ndiyo mwisho, waambie mama yako hajamaliza kusoma. Nitumie mimi kama kisingizio, nimezoea.

Baba yako anasema nisikutishe, anasema wewe ni mkubwa. Ni kweli. Ulipokuwa unaimba ule wimbo wa daraja la Likoni pale Fort Jesus nilitoka nje, nikasema nakwenda kununua maji. Hayo tuyaache.

Kifurushi kinakuja na basi la leo usiku. Kachukue kesho asubuhi ofisini kwao, nenda na kitambulisho, hawatoi bila hicho. Ndani kuna achari ya ndimu, usiifungulie kwenye begi, kashata, sweta mbili za shangazi, tangawizi ya bibi, na mkataba wenyewe nilioutia alama kwa kalamu nyekundu. Anza na ukurasa wa 9, halafu wa 5, halafu unipigie. Si ujumbe, piga. Baada ya Isha nipo.

Mama yako